Kabongo ama Kabondo? Historia ya kupima sauti ya posti

Katika jimbo letu la Haut-Lomami kuna Kabongo na kuna Kabondo. Kabongo iko kaskazini mwa Kamina, kwenye reli inayokwenda Kabalo. Kabondo-Dianda iko upande mwingine, katika teritware ya Bukama. Majina haya mawili yanatofautiana kwa sauti moja tu. Mtu anayelala katika nyumba yake hasumbuliwi na jambo hilo. Lakini familia iliyokimbia, inayolala kwa watu ama chini ya hema, ikisikia redioni kwamba usalama umerudi mahali fulani, na posti ikakwaruza kwenye silabi ya mwisho, haijui kama ifunge mizigo ama iendelee kungoja. Ni vivyo hivyo kwa saa sita na saa saba, kwa tarehe kumi na sita na kumi na saba, kwa siku ya kugawa chakula ama ya kuchanja watoto.

Kwa hiyo leo, ndugu wasomaji na wasikilizaji, tunaeleza historia ya jambo linaloonekana dogo: namna watu walivyopima sauti inayotoka katika posti, ampli na bafle. Sokoni kipimo ni kimoja tu, wati zilizoandikwa kwenye karatoni. Historia ya nchi yetu na ya majirani zetu inaonyesha kipimo kingine kilicho cha kweli zaidi: neno linafika zima kwa watu wangapi, kwa muda gani, na kwa bei gani.

Kyondo ilijua jambo hilo

Kabla ya redio, Baluba walikuwa na kyondo, ngoma ya mti uliochimbwa ndani na kupasuliwa juu, isiyo na ngozi. Ina sauti ya juu na sauti ya chini. Kiluba ni lugha ambayo neno linaweza kubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na kwa hiyo mpigaji anayejua kazi yake aliweza kutuma habari kutoka kijiji hadi kijiji.

Shida ni kwamba maneno mengi yana kupanda na kushuka kulekule. Ngoma haina k wala t wala s ya kuyatenganisha. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani, alichunguza ngoma za Walokele na kuandika kitabu juu yake mwaka 1949. Alionyesha kwamba mpigaji hapigi neno moja peke yake. Analiongezea maneno ya kulieleza ambayo kila mtu anayajua. Akitaka kusema mwezi, anaongeza kwamba ni ule unaotazama dunia. Akitaka kusema kuku, anaongeza sauti yake ndogo ya kulia. Habari inakuwa ndefu mara kadhaa, lakini inafika bila kuchanganywa.

Wazee hao hawakuwa na mashine ya kupima kitu chochote. Hata hivyo walijua kwamba kupiga kwa nguvu hakutoshi, na kwamba neno linahitaji kulindwa safarini.

Kipimo kinazaliwa katika simu

Vipimo tunavyovisikia leo vilizaliwa katika simu, si katika muziki. Miaka ya 1920, wahandisi wa kampuni kubwa ya simu ya Marekani walitaka kujua sauti inapungua kiasi gani katika waya mrefu. Mwaka 1924 waliweka kipimo kipya, na mwaka 1928 wakakipa jina la desibeli, kwa kumkumbuka Alexander Graham Bell.

Desibeli ina hesabu yake ya pekee. Desibeli 3 zikiongezeka, nguvu imekuwa mara 2. Desibeli 10 zikiongezeka, nguvu imekuwa mara 10. Lakini sikio la mtu halifuati hesabu hiyo. Nguvu ikiwa mara 10, sikio linasikia kama sauti imekuwa mara 2 tu. Maana yake ni hii: ampli ya wati 100 haipigi kelele mara 10 kuliko ampli ya wati 10. Inasikika kama mara 2. Mtu anayelipa bei mara 5 kwa ajili ya hizo wati anapaswa kulijua jambo hilo kabla ya kufungua mfuko.

Katika maabara hiyo hiyo alifanya kazi Harvey Fletcher. Yeye na wenzake walipima simu kwa njia iliyo rahisi sana. Mtu mmoja anasoma silabi zisizo na maana, moja baada ya nyingine. Wengine wanasikiliza kwenye simu na kuandika walichosikia. Kisha wanahesabu ni ngapi zilizo sawa katika kila mia. Silabi zisizo na maana zilichaguliwa kwa makusudi, kwa sababu mtu akisikia sentensi anayoijua, akili yake inajaza pengo bila yeye kujua. Mwaka 1933 Fletcher na Wilden Munson walichapisha pia vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii sauti zote sawa. Sauti nzito za chini zinahitaji nguvu kubwa zaidi ili zisikike kama zile za katikati.

Kutoka katika kazi hizo tumebaki na jambo moja la kukumbuka sokoni. Katika maneno ya mtu, nguvu kubwa iko katika a, e, i, o, u. Maana iko zaidi katika k, t, s, f na wenzao, ambazo ni dhaifu na nyingi ziko juu. Simu ya kawaida ilipitisha masafa kuanzia hezi 300 hadi 3,400 tu, bila besi hata kidogo, na bado watu walielewana vizuri. Bafle inayovuma besi hadi ukuta unatetemeka inaweza kuwa na nguvu nyingi na bado ikafunika hizo k na t. Unasikia mvumo, husikii kama ni Kabongo ama Kabondo.

Wati elfu 50, masikio machache

Redio iliingia Kongo ya Wabelgiji polepole. Mwaka 1937 mapadri Wayesuiti walianza Radio Léo katika shule yao ya Collège Albert, Léopoldville. Tarehe 1 Oktoba 1940, Ubelgiji ikiwa imekaliwa na Wajerumani, serikali ya koloni ilianzisha Radio Congo Belge. Mwaka 1943 Wabelgiji waliweka Léopoldville mtambo wa masafa mafupi wenye kilowati 50, yaani wati 50,000. Kwa wakati ule ilikuwa nguvu kubwa mno. Sauti yake ilivuka bahari hadi Ulaya, ambako Wabelgiji walisikiliza kwa siri.

Ukipima mtambo huo kwa wati, ulikuwa kati ya mitambo mikubwa ya Afrika. Ukiupima kwa Wakongomani waliosikia na kuelewa, hesabu inabadilika kabisa. Posti za wakati ule zilikuwa za taa za kioo, ghali, na zilikaa katika nyumba za wazungu na za watu wachache. Vipindi kwa ajili ya Wakongomani vilianza kwa utaratibu mwaka 1949. Watu wengi wa site walisikiliza kwenye vipaza sauti vilivyotundikwa mahali pa wazi. Hapo hakuna mwenye kuchagua kituo wala kupunguza sauti, na mvua ikinyesha, habari imekwisha.

Kamina wakati huo ilikuwa mji wa reli. Treni ya kutoka Lubumbashi na Bukama ilipita hapa kuelekea Kasai na Ilebo, na baadaye njia ya Kabalo ikaungana nayo. Baada ya vita vya pili vya dunia Wabelgiji walijenga karibu na mji kambi kubwa ya kijeshi yenye uwanja wa ndege. Habari zilipita hapa kwa telegrafu, kwa simu ya reli na kwa midomo ya wasafiri. Posti ya redio ilikuwa bado kitu cha ofisi na cha nyumba ya mkubwa.

Sufuria ya Lusaka

Jibu lilitoka kwa majirani wa kusini. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, idara ya habari iliweka Lusaka mwaka 1941 mtambo mdogo wa wati 300. Linganisha: wati 300 na wati 50,000. Lakini msimamizi wake, Harry Franklin, aliuliza swali ambalo Léopoldville haikuliuliza kwa nguvu: nani ana posti ya kutusikia?

Franklin alihangaika miaka kadhaa akitafuta kiwanda kitakachotengeneza posti ya bei ndogo, inayotumia betri, inayovumilia joto, vumbi na wadudu. Viwanda vilikataa. Mwishowe kampuni ya betri ya Ever Ready ya Uingereza ilikubali. Mwaka 1949 posti ya kwanza ilitoka. Mwili wake ulikuwa kama sufuria ya alumini ya upana wa sentimita 23 hivi, imepakwa rangi ya buluu, na watu wakaiita sufuria. Ilikuwa na taa 4 tu ndani. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri ilinunuliwa mbali. Betri hiyo ilidumu karibu saa 300.

Tazama vipimo vya posti hiyo: bei, saa za betri, uvumilivu wa vumbi, na uwezo wa kushika masafa mafupi ya Lusaka. Hakuna aliyejivuna kwa wati zake. Katika miezi 3 ya kwanza ziliuzwa kama 1,500, na miaka iliyofuata ziliingia makumi ya maelfu. Matangazo yalikuwa kwa lugha za watu, Kibemba kikiwa kimojawapo, lugha inayosemwa pia upande wetu wa Katanga. Mawimbi hayaonyeshi pasi mpakani.

Katika miaka hiyo hiyo sauti ya Katanga yenyewe ilianza kusafiri. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kijana mpiga gitaa aitwaye Jean Bosco Mwenda, na wimbo wake "Masanga" ukajulikana mbali. Tracey alikuwa mtu wa kupima. Alitembea na seti ya vyuma vya kupimia sauti, 54 kwa jumla, kuanzia mitetemo 212 hadi 424 kwa sekunde, kila kimoja kikizidi kingine kwa 4, ili aandike marimba na likembe za kila kabila zimetegwa vipi. Lakini mtu aliyesikiliza gitaa la Mwenda kwenye masafa mafupi hakusikia lote. Masafa mafupi hupitisha sauti hadi hezi elfu 4 ama 5 hivi. Mlio mwembamba wa nyuzi za juu unabaki njiani. FM, iliyoenea kwetu miaka mingi baadaye, inafika hezi 15,000. Kwa muziki tofauti hiyo ni kubwa sana. Kwa habari ni nusu tu ya jambo, kwa sababu FM haiendi mbali sana kutoka mnarani, na masafa mafupi yanavuka nchi nzima.

Transista na mwaka 1960

Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947, na posti ya kwanza ya transista iliyouzwa madukani ilitoka huko mwaka 1954. Posti ya taa ilihitaji betri nzito, maana taa zenyewe hula umeme ili zipate moto. Transista haina haja ya moto. Posti ikawa nyepesi, ikatumia betri ndogo kama zile za tochi, na ikadumu wiki nyingi. Sauti yake ilikuwa chini ya nusu wati, mara nyingi chini zaidi. Hata hivyo posti hiyo ndogo ilifanya kazi kubwa kuliko vipaza sauti vyote vya site, kwa sababu mtu aliibeba shambani, kwenye treni na njiani akikimbia.

Mwaka 1960 kila mtu aliona thamani yake. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 5 Septemba Rais Kasa-Vubu alikwenda kwenye redio ya Léopoldville kumwondoa Waziri Mkuu Lumumba, na usiku uleule Lumumba akajibu kwenye redio hiyo hiyo. Kesho yake Umoja wa Mataifa ulifunga kituo. Kasa-Vubu alipata nafasi ya kusema kutoka Brazzaville, ng'ambo ya mto, na Lumumba akabaki bila kipaza sauti. Huku kwetu watu walizungusha kitufe kutoka kituo hadi kituo, kila kituo na habari yake. Posti nzuri siku hizo ilikuwa ile inayoweza kushika sauti dhaifu ya mbali na kuitenga na kituo jirani. Mafundi wanaviita vipimo hivyo wepesi wa kushika na uwezo wa kutenga. Havijawahi kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatoni yoyote.

Wati za karatasi

Wakati huo Ulaya, Japani na Marekani kulikuwa na biashara nyingine, ya ampli za muziki nyumbani. Kila kampuni ilitaka kuandika wati nyingi kuliko mwenzake. Wengine walipima nguvu ya kupasuka kwa sekunde ndogo sana, wengine walijumlisha pande zote, wengine walikubali sauti ikwaruze kabisa. Mwaka 1974 serikali ya Marekani iliingilia kati. Sheria yake ilisema kwamba mwenye kutangaza wati lazima aseme ni wati za kudumu, kwa kila upande, katika masafa gani, na kwa mkwaruzo kiasi gani. Kabla ya kupimwa, ampli ilipaswa kupiga saa moja nzima kwa theluthi moja ya nguvu yake. Ampli nyingi zilichemka katika jaribio hilo, na namba nyingi kwenye matangazo zikashuka.

Sheria hiyo ilifikiriwa kwa bafle mbili, kushoto na kulia. Kisha ikaja sinema ya nyumbani. Mwaka 1982 kampuni ya Dolby ilileta nyumbani sauti ya kuzunguka, na mwaka 1992 ilileta katika kumbi za sinema mfumo wa dijitali wenye bafle 5 na moja ya besi. Ampli moja sasa ilipaswa kuendesha bafle 5, baadaye 7 na zaidi. Kampuni ziliandika wati 100 mara 7. Namba ya 100 mara nyingi ilipimwa bafle 2 tu zikipiga. Zikipiga zote pamoja, umeme unaoingia hautoshi, na kila bafle inapata sehemu ndogo tu. Kwa hiyo wapimaji wa kweli hupima mara mbili, kwanza bafle mbili, kisha zote. Mwaka 2024 Wamarekani walirekebisha sheria yao ili namba zifananishwe vizuri zaidi: kipimo sasa ni kwenye bafle ya omu 8, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na mkwaruzo usizidi asilimia 1.

Sheria hiyo hailindi mnunuzi wa Kamina. Mashine hizo zinafika kwetu, mpya na za mitumba, katika nyumba za video, makanisa na bar. Pamoja nazo zinafika bafle zenye maandishi ya PMPO na namba kama 3,000 ama 10,000. PMPO si kipimo. Hakuna kanuni inayosema ipimwe vipi, kwa hiyo kila mwenye kuandika anaandika anavyopenda. Herufi za RMS zina maana zaidi, kama mwandishi ni mwaminifu.

Posti ya mtu aliyekimbia

Mji wetu unajua maana ya kukimbia. Mwaka 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Zililala stesheni siku nyingi zikingoja treni, na treni hizo zilipita hapa Kamina kuelekea Mwene-Ditu na mbele. Miaka ya 2000 vita katika Mitwaba, Manono na Pweto viliwatoa watu wengi vijijini. Mwaka 2016 na 2017 ikawa zamu ya Kasai tena. Juu ya vita kuna maji: Lualaba ikijaa, watu wa Bukama na Malemba-Nkulu wanaacha nyumba zao.

Kwa mtu aliye katika hali hiyo, posti ni kitu cha kwanza kubebwa baada ya watoto na sufuria. Katika miaka ya 1990 Mwingereza Trevor Baylis alibuni posti ya kuzungusha kwa mkono, na kiwanda cha Cape Town kikaitengeneza. Ukiizungusha kidogo, inasema karibu nusu saa bila betri. Sauti yake haikuwa ya ajabu, lakini haikumdai mtu pesa kila wiki. Kisha tarehe 25 Februari 2002, siku ileile mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa Sun City, Radio Okapi ilianza hewani, kazi ya Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle, kwa Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Mtu aliyefukuzwa upande mmoja na mtu aliyebaki upande mwingine wakaweza kusikia habari moja, kila mmoja kwa lugha yake.

Ndiyo maana kipimo cha posti si jambo la wapenda muziki peke yao. Familia inayoweka akiba miezi kadhaa kununua bafle ya wati elfu 10 za karatasi, na kugundua kwamba pano yake ndogo ya jua haiwezi kuilisha, imepoteza pesa na imepoteza habari pia.

Kupima bila maabara

Yale yaliyofanywa na Fletcher na Franklin tunaweza kuyafanya hapa, sokoni ama uwanjani.

Kwanza, geuza mashine usome nyuma ama chini, mahali pa volti na ampea. Zidisha. Volti 12 mara ampea 1.5 ni wati 18. Mashine haiwezi kutoa nguvu inayozidi ile inayoingia, na sehemu kubwa inapotea kama joto. Kwa hiyo mashine hiyo haina hata wati 18 za sauti, karatoni iseme elfu ngapi.

Pili, uliza juu ya bafle yenyewe, si ampli peke yake. Bafle moja inaweza kutoa desibeli 90 kwa wati 1, ukiwa umbali wa mita 1. Nyingine inatoa 84. Hiyo ya pili inahitaji wati 4 ili ilingane na ya kwanza. Kila umbali ukiwa mara 2, sauti uwanjani inapungua desibeli 6 hivi. Bafle ya 90 kwa wati 1 inafika mita 8 ikiwa bado na karibu desibeli 72. Mazungumzo ya kawaida kwa mita 1 ni karibu 60. Wati moja nzuri, basi, inatosha watu waliokaa chini ya mwembe kusikiliza habari. Kama muuzaji hana namba hiyo, wekeni bafle mbili kwenye ampli moja, sauti ileile, na msikilize.

Tatu, pandisha sauti polepole wakati mtu anasema, si wakati wa muziki. Mahali maneno yanapoanza kukwaruza, rudisha nyuma kidogo. Hapo ndipo nguvu yake ya kweli ilipo. Punguza besi, usikie kama maneno yanafunguka.

Nne, fanyeni jaribio la simu. Mtu mmoja arekodi majina na namba kumi, bila sentensi: Kabongo, Kabondo, Kamina, Kaniama, sita, saba, na mengine ya mahali penu. Mpige kwenye mashine, mtu asiyejua orodha asimame hatua 10 na aandike. Mkipata 9 katika 10, mashine ni nzuri hata ikiwa ndogo. Mkipata 6, iacheni hata ikivuma.

Tano, hesabu saa. Jaza betri, weka sauti ya kusikiliza habari, na uangalie inazima baada ya saa ngapi. Kipimo hicho Lusaka ilikitumia mwaka 1949, na bado hakijazeeka.

Neno moja ni kwetu sisi tunaosema na kuandika habari. Mashine nzuri haitoshi kama msemaji anataja jina tupu. Mpigaji wa kyondo aliongeza maneno ili msikilizaji wa mbali asipotee. Na sisi tuseme Kabongo ya njia ya Kabalo, Kabondo ya Bukama. Tuseme saa saba, saa moja baada ya saa sita. Tarehe tuitaje pamoja na siku ya juma, na tuirudie mara mbili. Inachukua sekunde tano za hewani, na mama anayesikiliza kwenye posti dhaifu, mbali na kwao, atajua ni barabara gani iliyofunguka.